Masoko ya Zamani Yametufundisha Nini?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanavikundi katika mkutano wa pamoja, baada ya ziara ya Nairobi



Mlitutuma watu sita, wawili kutoka kila kikundi, twende Nairobi tukaangalie masoko. Nauli mlitupa kutoka mfuko wa pamoja, kwa hiyo taarifa hii ni deni letu kwenu. Risiti ziko kwa mweka hazina, anayetaka kuziona aende akazione. Sasa tusikilizane.

Kabla hatujaondoka, mama mmoja aliuliza: "Mtu husafiri kwenda kuangalia soko? Si hata hapa tuna soko?" Ni swali zuri. Huko Uingereza watu wengi hufanya hivyo siku za mapumziko. Huacha miji mikubwa wakaenda mashambani kutembelea miji midogo ambayo ilikua kwa sababu ya soko. Mmoja unaitwa Chipping Campden. Hilo neno Chipping ni la zamani sana, na maana yake ni soko. Katikati ya mji huo kuna banda la mawe lililojengwa mwaka 1627, lina paa na nguzo, pembeni liko wazi, ili watu wauze siagi, jibini na kuku bila kunyeshewa. Wageni hufika, hulipiga picha, hunywa chai na kurudi kwao.

Sisi hatukwenda kupiga picha. Soko lolote la zamani, liwe la Uingereza au la kwetu, lina maswali matatu ndani yake. Nani alipanga bei? Nani alishika kipimo? Na kiwanja kilikuwa cha nani? Maswali hayo ndiyo tuliyabeba pamoja na madaftari yetu.

KWANZA: BEI

Sisi watu wa Kinangop tukienda Nairobi twaingia kwa upande wa magharibi. Tulishukia Kikuyu, tukaenda Dagoretti. Leo ukisema Dagoretti watu wanafikiria nyama, kwa sababu ya machinjio. Lakini biashara ya upande ule ni ya zamani kuliko mji wa Nairobi wenyewe. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Kabla ya hapo Wakikuyu na Wamaasai walikuwa wakibadilishana vyakula, ngozi na mifugo katika mipaka hiyo ya msitu. Na akina mama mtafurahi kusikia hili: hata wakati wanaume walipokuwa wakipigana, wanawake wa pande zote mbili waliruhusiwa kupita na mizigo yao na kufanya biashara. Soko lilikuwa na amani yake.

Misafara kutoka pwani nayo ilipita huko. Wapagazi walihitaji chakula cha kuvukia Bonde la Ufa, na wakulima walikuwa nacho: mahindi, maharagwe, viazi vitamu. Mwezi wa Oktoba 1890 alifika Kapteni Lugard, akifanya kazi ya kampuni ya Waingereza iliyoitwa kwa kifupi IBEA. Akala kiapo cha undugu na mzee Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome Dagoretti, akaendelea na safari ya Uganda. Ngome akamwachia George Wilson.

Basi ikawaje? Watu wa ngome walianza kuchukua vyakula vya wakulima kwa nguvu, bila kulipa. Mpaka hapo wenyeji walikuwa tayari kuuza, lakini hawakuwa tayari kunyang'anywa. Wakawazingira, na mwaka 1891 ngome ikaachwa, ikateketezwa. Kampuni ilirudi ikajenga ngome nyingine Kabete, ikaitwa Fort Smith. Mwezi wa Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa huko, akapelekwa kuelekea pwani, na akafa njiani Kibwezi. Ile barabara kubwa inayopita Kangemi na Westlands, ambayo tunapitishia viazi vyetu kila wiki, ina jina lake.

Tuliona tuwaambie habari hii yote kwa sababu moja. Kile kiapo hakikuvunjwa kwa maneno ya matusi wala kwa ugomvi wa mipaka tu. Kilivunjwa shambani, kwa chakula kisicholipiwa. Mkulima akinyimwa bei, hakuna mkataba utakaosimama, hata kama umeapiwa.

PILI: KIPIMO

Kutoka Dagoretti tulipitia Kawangware tukafika Kangemi. Hapo hatukuwa wageni kabisa, kwa maana viazi vyetu huuzwa hapo. Tulikaa na akina mama wauzaji karibu nusu siku, tukiangalia tu.

Sasa sikilizeni. Kwetu huku broka ananunua kwa lumbesa, lile gunia lililoongezwa kilemba cha neti juu mpaka linamshinda mtu mmoja kuinua. Kule Kangemi gunia lile lile linafunguliwa na kuuzwa kwa gorogoro, kopo moja moja, na kopo halina kilemba! Hakuna anayepewa kiazi cha bure. Tuseme broka amekulipa gunia la kilo 90, na juu ya gunia kuna kilo 30 za kilemba. Ukimuuzia magunia kumi, umempa kilo 300 ambazo hukulipwa. Hizo ni zaidi ya gunia tatu nzima. Nani kati yetu anaweza kumpa mgeni gunia tatu bure, halafu arudi nyumbani akawaambie watoto karo hakuna?

Tulipolisema hili mama mmoja muuzaji alicheka, akasema: "Na mimi mnaponiona hapa nikipima kwa kopo, mnafikiri broka ananipa kile kilemba bure? Hapana, ananiuzia." Kumbe kilemba hakimfaidi mkulima wala muuzaji mdogo.

Ndugu zetu, vita vya kipimo si vya leo. Uingereza, mwaka 1215, mfalme alilazimishwa kutia muhuri ile hati inayoitwa Magna Carta, na kati ya mambo yaliyoandikwa humo ni kwamba nchi nzima iwe na kipimo kimoja cha nafaka, cha divai na cha pombe. Ni zaidi ya miaka mia nane sasa. Na wasomaji wa Biblia wanajua vizuri Mithali inasemaje juu ya mizani ya uongo. Hapa Kenya sheria ipo vile vile: kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Lakini sheria haiji shambani kwa miguu yake. Ni sisi tunaoshona gunia, na sindano iko mikononi mwetu.

TATU: KIWANJA NA UMOJA

Siku ya pili tuliingia mjini. Tulikwenda City Market, lile soko la ghorofa refu lililojengwa wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1930, wanakouza maua, nyama na vinyago. Barabara iliyo mbele yake inaitwa Muindi Mbingu. Tuliuliza vijana watatu pale mlangoni huyo Muindi alikuwa nani. Mmoja alisema ni mbunge, wa pili alisema ni mchezaji mpira, wa tatu alikuwa na haraka.

Samuel Muindi Mbingu alikuwa kiongozi wa Wakamba. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza ng'ombe wa Machakos kwa lazima, ikisema ardhi inaharibika. Ng'ombe walichukuliwa na kuuzwa kwa bei ya chini, na wakati huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimeanzishwa Athi River, kikitaka ng'ombe. Mnaona jinsi mambo yalivyokutana. Ardhi ilikuwa imechoka, hilo ni kweli, lakini mwenye ng'ombe hakuulizwa bei wala idadi. Basi maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kwa miguu mpaka Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa, wakitaka kumwona Gavana. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha mpango wa kuwachukua ng'ombe kwa lazima.

Tuliposimama kwenye barabara ile tulijiuliza: je, wangekuja mmoja mmoja, kila mtu akimlilia ng'ombe wake, wangesikilizwa?

Mtaa huo huo unafika kwenye bustani ya Jeevanjee. Mzee Jeevanjee alikuwa mfanyabiashara kutoka Karachi, na mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi bustani ile wapumzike. Mpaka leo utawakuta pale wahubiri, watu wasio na kazi, na akina mama waliochoka na mizigo. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga jengo la kuegesha magari mahali pale. Zarina Patel, mjukuu wake Jeevanjee, alipinga, na Wangari Maathai na wananchi wengine wakasimama naye. Jengo halikujengwa. Bustani iko, tulikaa humo tukala mkate wetu.

Si kila kiwanja kilipata bahati hiyo. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, na maeneo ya masoko yalikuwa kati ya yaliyochukuliwa. Wengi waliokuwa wakiuza pale walijua siku ile mabati yalipozungushwa.

Tuwarudishe kidogo Chipping Campden. Lile banda la mwaka 1627, katika miaka ya 1940 lilikaribia kuuzwa kwa mtu wa Marekani. Wenyeji walichanga pesa, wakalinunua, wakalikabidhi kwa shirika linalotunza majengo ya zamani ili lisiuzwe tena. Yaani hata Waingereza walifanya harambee kwa ajili ya soko! Hao wageni wanaolipiga picha leo wanaona mawe, lakini mawe yale yangekuwa mbali kama si ule mchango.

TUFANYE NINI SASA?

Hapa ndipo tunataka tusikilizane zaidi, kwa sababu kuna jambo ambalo wengine mmeliona na wengine bado. Uwanja wa soko letu hapa una mawe manne ya mpaka. Tuliporudi tulikwenda kuyaangalia, kwa kuwa ziara ilitufungua macho. Matatu yako. La nne, upande wa mto, limesogea hatua kama ishirini kwa ndani, na udongo wake ni mpya. Hatumtaji mtu, wala hatutaki mtu yeyote ataje jina katika mkutano huu. Mawe hayana miguu, lakini tuanze kwa karatasi kabla ya kuanza kwa midomo.

Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, vikundi vyote vitatu vikubaliane siku moja ya kuacha lumbesa. Kikundi kimoja kikiacha peke yake, broka atahamia kwa jirani na sisi tutabaki na viazi vinavyochipua ghalani. Tukiacha wote, atanunua, kwa maana Kangemi inamngoja.

Pili, tununue mizani moja ya pamoja, ikaguliwe na watu wa vipimo na mizani, ikae penye soko, na kila mwenye mzigo apime mbele ya watu.

Tatu, tuchague wawili waende ofisi ya ardhi wakaangalie rekodi ya kiwanja cha soko na ramani yake. Katiba ya mwaka 2010 inasema ardhi ya umma ya namna hii kaunti inaishika kwa niaba ya wananchi. Mwananchi ni nani kama si wewe unayeuza sukuma wiki pale kila Jumanne? Waende wawili, si mmoja, na warudi na karatasi.

Tunajua wengine watasema hayo ni ya watu wakubwa. Lakini huko Dagoretti, hapo Muindi Mbingu na pale Jeevanjee, hatukukuta kumbukumbu ya watu wakubwa peke yao. Tulikuta wakulima, wachungaji wa ng'ombe na wapita njia waliokataa pamoja. Umoja ni nguvu, tunasema kila mkutano tukifunga. Safari hii tuuseme wakati wa kufungua gunia.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Mara ya mwisho ulipouza gunia, nani alitaja bei kwanza? Ungefanyaje tofauti?
2. Pimeni lumbesa moja kwenye mizani mkiwa pamoja. Ni kilo ngapi hamkulipwa?
3. Soko lenu lilianza mwaka gani, na nani alitoa kiwanja? Waulizeni wazee wangali hai, mwandike majibu katika daftari la kikundi.
4. Mawe ya mpaka wa soko lenu yako wapi leo?