Seva ya Masomo ya Mtandaoni: Chagua Mfumo Utakaotunzwa

Maandishi ya mazungumzo kwa wakufunzi wa vyuo vya ufundi, wazazi na wakazi wa Kaunti ya Kakamega

 

Machi 2020 shule na vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya korona, na madarasa yote hayakurejea hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo wazazi wengi walisikia kwa mara ya kwanza habari za masomo ya mtandaoni. Aliyekuwa na simu ya kisasa na bando alisoma. Asiyekuwa navyo alingoja. Tangu hapo swali limebaki: chuo cha ufundi kikitaka kuwa na darasa lake mtandaoni, kianzie wapi?

Swali hili linahusu kaunti moja kwa moja. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo seva ikinunuliwa kwa ajili ya chuo kama hicho, inanunuliwa kwa pesa za umma. Ikizimika, anayepoteza ni kijana wa Navakholo au Khwisero aliyetuma kazi yake usiku wa kuamkia mtihani.

Mambo yenyewe si magumu kuelewa. Darasa la mtandaoni ni programu. Inayojulikana zaidi vyuoni ni Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa rasmi mwaka wa 2002. Haina malipo ya leseni. Mwalimu huweka humo somo, mwanafunzi hutuma kazi, na alama huhifadhiwa humo. Programu hiyo hukaa ndani ya seva, yaani kompyuta inayofanya kazi mchana na usiku ili wengine waifikie. Nayo seva, kama kompyuta yoyote, huendeshwa na mfumo endeshi. Huo ndio mfumo unaosimamia diski, kumbukumbu, mtandao na ruhusa za nani aguse nini.

Mifumo endeshi ya seva iko mingi, lakini kwa chuo uchaguzi huishia kwenye njia mbili: Windows Server ya kampuni ya Microsoft, na Linux, iliyoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Wapo wanaodhani Linux ni kitu kigeni, ilhali kiini chake ndicho kinachoendesha simu za Android zilizo mifukoni mwa watu sokoni na kwenye steji za boda boda.

Moodle hufanya kazi kwenye mifumo yote miwili. Tofauti ya kwanza ni pesa. Windows Server hulipiwa leseni kulingana na uwezo wa kompyuta, na mara nyingi pia leseni za watu au vifaa vinavyoingia humo. Linux za Ubuntu na Debian hazilipiwi leseni. Tofauti ya pili ni mazoea. Watengenezaji wa Moodle huitengeneza zaidi wakiwa kwenye Linux, hivyo maelekezo na msaada kwa upande huo ni mwingi. Windows nayo ina faida yake: maafisa wengi wameizoea tangu walipoanza kutumia kompyuta.

Hata hivyo, bei ya leseni isimfanye mtu asahau jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni muda. Kila mfumo endeshi una tarehe ya mwisho wa kutunzwa. Kabla ya tarehe hiyo, watengenezaji hutoa masasisho ya kuziba mianya ya usalama. Baada yake, mwanya ukigunduliwa unabaki wazi, na wezi wa mtandaoni wanaujua. Windows Server 2012 ilifikia mwisho wake tarehe 10 Oktoba 2023. Ubuntu ya muda mrefu hutolewa kila baada ya miaka miwili na hutunzwa bila malipo kwa miaka mitano: iliyotolewa Aprili 2022 inafika 2027, na iliyotolewa Aprili 2024 inafika 2029.

Tena, tarehe yenyewe yaweza kubadilika. Taasisi nyingi duniani ziliwahi kutegemea CentOS, aina ya Linux isiyolipiwa. CentOS 8 ilitoka Septemba 2019, na walioiweka walitarajia itunzwe hadi 2029. Desemba 2020 wasimamizi wake walitangaza kuwa itafikia mwisho tarehe 31 Desemba 2021. Walioipanga kwa miaka 10 wakabaki na takriban mwaka mmoja wa kuhama. Wengine walihamia Rocky Linux au AlmaLinux, zilizoanzishwa kuziba pengo hilo. Waliokuwa na fundi na nakala za kazi zao walihama salama. Waliowekewa seva na mwanakandarasi aliyekwisha kulipwa akaondoka, walikuwa na shida.

Funzo ni kwamba mfumo bora ni ule ambao chuo kina mtu wa kuutunza. Linux ya bure isiyo na anayeijua ni ghali, na Windows iliyolipiwa isiyofanyiwa masasisho ni hatari. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuizuia tangu Machi. Dawa ilikuwepo, haikuwa imetumiwa.

Kuhusu watu, Kakamega haiko mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Sayansi na Teknolojia kiko mjini, na Sigalagala National Polytechnic iko Ikolomani. Vijana wanasomea teknolojia ya habari papa hapa. Kijana aliyefundishwa kutunza seva ya Linux ana ujuzi unaotafutwa popote, na chuo kikimwajiri kinapata mtu wa karibu. Lakini awe na mwenzake, kwa maana mtu mmoja akihama, nywila na ujuzi vyote visiondoke naye.

Halafu kuna mvua. Kila mkazi anajua ngurumo na radi za alasiri za Kakamega, na umeme unavyopotea. Agosti 25, 2023 giza lilifunika karibu nchi nzima. Seva ikizimika ghafla, hifadhi ya alama yaweza kuharibika, iwe ni Windows au Linux. Kwa hiyo seva ikikaa chuoni, inahitaji kinga ya radi, betri ya kuipa muda wa kuzimwa taratibu, na nakala ya kazi zote iliyowekwa mahali pengine. Nakala hiyo ijaribiwe kurejeshwa, kwa sababu nakala isiyowahi kujaribiwa haiaminiki. Chuo kisichoweza haya kikodishe nafasi kwenye kituo cha seva chenye jenereta na walinzi.

Mwisho, seva hubeba majina, nambari za simu na alama za vijana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa hizo azilinde. Mfumo uliopitwa na tarehe yake haulindi chochote.

Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wenye kulinda thamani ya pesa. Mkazi anayehudhuria kikao cha maoni kuhusu bajeti hahitaji kuwa mtaalamu ili kuuliza maswali haya:

1. Mfumo huu utatunzwa hadi mwaka gani, na mpango wa kuhama ni upi?
2. Ni nani ataufanyia masasisho kila mwezi, na ni nani msaidizi wake?
3. Gharama ya miaka mitano ni kiasi gani, pamoja na leseni, umeme, mafunzo na mishahara?
4. Nakala za kazi za wanafunzi ziko wapi, na zilijaribiwa lini?
5. Mwanakandarasi akiondoka, nywila zitabaki na nani?

Zabuni inayojibu maswali haya matano inafaa kusikilizwa, hata ikipendekeza mfumo ambao wengi hawakuutarajia. Isiyoyajibu irudishwe, hata kama kompyuta zake zinang'aa. Kijana wa Navakholo hatajua seva inaendeshwa na mfumo gani. Atakachojua ni kama kazi aliyoituma jana usiku bado ipo asubuhi.