Jaza Ukuta, Jiko Libaki Nje
(Mazungumzo na vikundi vya ujenzi, Kinangop)

Mnajua vile Julai huwa hapa kwetu. Jioni jiko la makaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watoto wanalala. Sasa, makaa hayo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu anaweza kufa usingizini bila kushtuka. Ndiyo maana leo tunaongea juu ya ukuta. Ukuta ukishika joto, jiko halina kazi chumbani.

Nyumba zetu nyingi ni za mbao. Ukipigilia mbao upande wa nje wa nguzo, halafu upigilie safu ya pili upande wa ndani, katikati unabaki na nafasi kama inchi 4. Kinachozuia baridi ni hewa kavu iliyotulia. Nafasi ikiwa tupu, hewa huzunguka humo na kutoa joto nje. Ikijazwa, hewa inatulia.

Vya kujazia ni hivi:

Maranda ya seremala. Ni rahisi kupata. Yashindilie vizuri, maana yakishuka yanaacha pengo juu. Ubaya wake ni moto, panya na mchwa.

Maganda ya mpunga, kama ya kule Mwea. Hayaozi upesi kama maranda, lakini yakishika moto huungua polepole, chini kwa chini.

Polistareni, ile nyeupe inayokuja ndani ya katoni ya televisheni. Hainywi maji sana, ila moshi wake ni sumu. Isiguse nyaya za umeme.

Sufu ya madini, inayotengenezwa kwa mawe au kioo kilichoyeyushwa. Haiwaki moto. Uingereza huitumia sana. Kwetu ni ghali, na fundi avae glavu.

Chochote utakachochagua, kikilowa hakifai. Inua msingi, refusha paa, ziba nyufa za nje. Dari pia msiisahau, kwa sababu joto hupanda.

La mwisho, na hili mlishike sana: nyumba iliyojazwa hushika joto, na hushika gesi vilevile. Msizibe matundu ya hewa juu ya madirisha. Mtu akijaza ukuta kisha aingize jiko, amezidisha hatari badala ya kuipunguza.