Sinagogi la Watoto wa Bweni

Jina la Karmeli twalijua sote. Juu ya mlima huo Eliya aliitengeneza madhabahu ya Bwana iliyokuwa imevunjika. Leo tuitazame shule moja ya Kiyahudi huko Uingereza iliyoitwa kwa jina hilo, Carmel College.

Aliianzisha Rabi Kopul Rosen mwaka 1948. Katika ujana wake alikwenda kusoma Torati mjini Mir, ambao siku zile ulikuwa katika nchi ya Poland. Wayahudi wa mji huo waliuawa na Wanazi mwaka 1941 na 1942. Basi fikirini: vita vimekwisha miaka mitatu tu, naye awakusanya wavulana katika shule ya bweni, wapate elimu sawasawa na wana wa wakubwa wa Uingereza, na papo hapo wajue sala za baba zao. Hakutaka mtoto achague moja na kuliacha la pili.

Mwaka 1953 shule ilihamia Mongewell Park, kando ya mto Thames. Sisi tuliolala bweni twaikumbuka kengele ya alfajiri, na sala kabla ya uji! Lakini kwa Wayahudi kuna neno zaidi. Sala ya jamii yataka wanaume kumi, na mvulana akitimiza miaka 13 huhesabiwa miongoni mwao. Kwa hiyo vijana wale hawakuwa watazamaji wa ibada ya wakubwa. Wao wenyewe walikuwa kusanyiko.

Rabi Rosen alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 48. Sinagogi jipya la shule, lililochorwa na Thomas Hancock, lilijengwa 1963, na madirisha yake ya vioo vya rangi yakafanywa na msanii Nehemiah Azaz. Mwenye shule hakuliona. Wanafunzi wake ndio walioingia.

Baadaye hata wasichana walipokewa. Lakini ada ilipanda, watoto wakapungua, na mwaka 1997 shule ikafungwa. Sinagogi lingali katika orodha ya majengo yanayolindwa kwa sheria, ila bweni halina mtoto wa kuamshwa.

Je, ndugu, shule ikifungwa, sala iliyofundishwa humo huenda wapi? Rabi Rosen aliacha wana watatu, Jeremy, Michael na David. Jeremy aliwahi kuwa mkuu wa shule ile ya baba yake. Nao wote watatu wakawa marabi.