Chumvi ya Bahari na Mawingu



Vijana wetu wametuuliza iwapo ni kweli kwamba watu wanatafuta shahada za uzamivu kwa utafiti wa kung'arisha mawingu. Ni kweli. Mwaka 1990 mwanafizikia John Latham alitoa rai kwamba chembe za chumvi ya bahari zirushwe angani. Matone ya wingu huwa madogo na mengi, wingu likazidi weupe, likarudisha mwanga wa jua. Moshi wa meli hufanya hivyo pasina kukusudiwa.

Utafiti hatuukatai. Lakini Aprili 2024, huko Alameda, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walijaribu mashine yao juu ya manowari kongwe iitwayo Hornet. Hawakugusa wingu lolote, na wataalamu hawakuona madhara ya kiafya yenye kupimika. Hata hivyo, mwezi Juni madiwani walikataa, wakilalamika kwamba hawakuarifiwa mapema. Nasi twaona walikuwa na haki. Bahari ikipozwa huku, mvua yaweza kumhama mkulima wa mbali ambaye hakuulizwa na yeyote. Tena hewa ya ukaa haipungui kwa chumvi. Mashine zikizimwa, joto hurejea upesi.