HOTUBA JUU YA KINYOZI ALIYEKUWA MWALIMU

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama. Twayatia hapa kwa ombi la wale wasiopata kuhudhuria.)



Mmetutaka tuseme machache juu ya mzee wetu, kinyozi wa Kasulu na Kibondo, aliyezikwa majuzi. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kutajwa, na jamaa zake wametuomba tuifuate desturi yake. Lakini waliopata kuinamisha vichwa mbele ya mkasi wake watamtambua kabla hatujafika nusu ya maneno yetu.

Wahenga walisema, Kinyozi hajinyoi. Twaona ya kuwa maisha ya mzee huyu yote yalikuwa maelezo ya methali hiyo moja.

Alizaliwa Buha, upande wa Heru, katika milima ile yenye baridi ya asubuhi, migomba na maharage. Nchi ile ilijulikana sana kwa vijana wake kwenda mbali kutafuta kazi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na waliotaka fedha ya kodi au ya mahari walishuka Kigoma, wakapanda gari la moshi, wakaenda katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba walifanya ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyoitwa Silabu, na watu wengi wa Buha walipita mikononi mwake. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alijulikana kwa namba yake.

Mzee wetu naye alikwenda Tanga, angali kijana, miaka michache kabla ya Uhuru wa 1961. Karatasi iliwekwa mbele yake, dole gumba likatiwa wino, akapiga chapa. Alizoea kutuambia ya kuwa siku ile hakujua lililoandikwa juu ya chapa yake, wala lililoandikwa chini yake.

Kule shambani kazi ilihesabiwa kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na sharti lilikuwa mtu azimalize katika muda wa siku 42. Siku ambayo kazi haikutimia haikutiwa alama. Basi mara moja mzee wetu alidhani kadi yake imejaa, akaenda kutaka mshahara, akaambiwa siku bado hazijatimia. Akaigeuza kadi huku na huku, asijue la kujibu. Hatusemi shamba lile lilikuwa lipi, wala hatusemi ya kuwa karani yule alimdhulumu. Huenda alisema kweli. Lakini hilo ndilo lililomchoma moyo: hakuwa na njia yo yote ya kujua kama amedhulumiwa au hakudhulumiwa. Mtu anayejua kuwa amedhulumiwa aweza kulalamika, na anayejua kuwa hakudhulumiwa aweza kunyamaza kwa raha. Yeye hakuweza hili wala lile.

Katika kambi yao alikuwamo mwenzake mmoja aliyejua kusoma. Mzee wetu alijua kunyoa kwa wembe tangu kwao. Wakapatana: huyu atoe kichwa, na yule atoe herufi. Kila Jumapili mwenzake alinyolewa, kisha wakakaa chini na kuandika mchangani kwa kijiti. Kazi yake ilipokwisha akarudi Kasulu na vitu viwili: mashine ya kunyolea ya mkono, na uwezo wa kusoma barua.

Akaweka kiti chake chini ya mwembe karibu na soko. Vijana wetu wa leo labda hawajui thamani ya msomaji wa barua siku zile. Barua zilitoka Tanga na Morogoro, wake na wazee wakazipokea, nao hawana wa kuwasomea. Walimwendea kinyozi, wakampa senti chache, naye akawasomea na kuwaandikia majibu. Siku nyingine barua zilimpa zaidi kuliko nywele.

Lakini hakukaa hivyo muda mrefu. Alianza kuwafundisha wale waliongoja zamu yao ya kunyolewa. Kila aliyeketi katika benchi alipewa kijiti, aandike chini jina lake mwenyewe kwanza, kisha hesabu ya 1 mpaka 30. Hesabu haikuishia 20 wala haikufika 100. Mwenye kukumbuka kipande aelewa kwa nini. Akina mama walioleta watoto kunyolewa nao walijifunza, na wengine walirudi na mtoto yule yule kabla nywele hazijaota. Watu wakamcheka, wakisema huyu anawapa wateja wake ufunguo wa duka lake. Na kweli, kila aliyejua kusoma hakumletea tena barua wala senti.

Sasa twafika mahali penye aibu yetu, nasi hatutapaficha. Wakati ule tulikuwa makarani vijana katika ofisi moja. Baada ya saa za kazi tulizoea kuwajazia watu fomu na kuwasomea barua, tukipokea malipo kidogo. Mapato yale yakaanza kupungua. Siku moja tukamwendea kinyozi, nusu kwa mzaha na nusu kwa hasira, tukamwambia ya kuwa mafundisho yake yanatuharibia. Hakukasirika. Alimaliza kutunyoa, akatukung'uta shingo, kisha akatuuliza ni nani humnyoa yeye. Tukasema hatujui. Akatuonyesha kijana mmoja aliyekuwa na kiti chake mwenyewe upande wa pili wa soko, akasema ndiye huyo. Alimfundisha kazi, na sasa anamchukulia wateja. Kisha akatuuliza tena: kama asingalimfundisha yule, kichwa chake kingalikuwa na hali gani leo?

Tulirudi ofisini hatuna jibu. Tangu siku ile hatukupokea tena senti ya mtu kwa kumsomea barua yake.

Usiku wa kuukaribisha mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hesabu ya 1967 ilikuwa imeonyesha ya kuwa katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, wapata 67 hawakujua kusoma. Viongozi wakatafuta watu wa kufundisha, wakamkuta mzee wetu amekwisha kuanza. Akapewa ubao, chaki na vitabu, akafundisha jioni baada ya kufunga mkasi. Mwaka 1972 ulianza mpango wa kuhamishia watu wa Mkoa wa Kigoma katika vijiji. Wengi walihama kwa taabu, na mashamba yao wakayaacha. Yeye aliangukia upande wa Kibondo, akatafuta mti mwingine, akaweka kiti kile kile. Mwaka 1973, redio ilipoendesha mafunzo ya Mtu ni Afya, watu walikusanyika kwake kuyasikiliza, naye akawasomea kijitabu huku akinyoa.

Katika mtihani wa nchi nzima wa mwaka 1975, wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hata kufika 39 katika 100, na katika ule wa 1986 hawakufika 10. Hesabu hizo zasifiwa katika vitabu, na ni haki yake. Ila hesabu ya nchi imejengwa na mabenchi mengi madogo kama lile la mwembeni.

Mwezi wa Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakavuka mpaka kwa maelfu kuingia Kibondo na Kasulu. Kirundi na Kiha ni ndugu, hata mzee wetu hakuhitaji mkalimani. Aliwanyoa watoto pasipo malipo, kwa kuwa wengi walikuja na vidonda vya kichwa. Na kila mtoto alimfundisha kuandika jina lake na la baba yake, maana aliona jinsi majina yanavyokosewa katika orodha, na mtoto ambaye jina lake limekosewa ni shida kumtafutia wazazi.

Katika miaka yake ya mwisho macho yalififia, akaacha mkasi, kisha akashindwa kusoma. Tulipokwenda kumwona alitupokea kwa makofi ya salamu, kama ilivyo desturi ya Buha. Pembeni yake aliketi binti mdogo wa jirani, akimsomea gazeti neno kwa neno. Tukauliza binti amefundishwa na nani. Akasema bibi yake. Na bibi yake je? Mzee akacheka tu, akajipapasa kichwa, nacho kilikuwa kimenyolewa vizuri.

Ndugu wanachama, chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali Waafrika katika nchi hii kilianzishwa huko huko Tanga, mwaka 1922, na Martin Kayamba na wenzake. Walikuwa watu wa kalamu, nao walijua kalamu ni heshima. Mzee wetu alituongezea neno moja: kalamu usiyomwazima mwenzako itakupa senti leo, na kesho itakuacha peke yako.

Siku hizi dole gumba limerudi. Hata profesa huweka kidole anaposajili simu yake, na si aibu tena. Lakini wangali wapo wanaosimama mbele ya meza zetu na karatasi wasiyoijua. Twaomba jambo moja tu, nalo halihitaji fungu la fedha wala azimio la mkutano. Mtu wa namna hiyo akija, msijaze fomu yake upesi upesi na kumwambia, Weka hapa. Igeuzeni imwelekee yeye. Mwonyesheni jina lake liko wapi. Msomeeni kila neno kabla hajaweka kidole, na kama anayo nafasi, mpeni kalamu ajaribu herufi ya kwanza.

Itawachelewesha dakika tano. Mzee wetu alichelewa hivyo maisha yake yote, na foleni ya benchi lake haikumkimbia.