Dirisha la Mtoto wa Nyuma
(Maneno ya mjumbe wa kamati ya ujenzi kwenye harambee ya mwaka)



Wengi wetu tulisomea chumba cha namna moja: madirisha madogo, bati juu, giza nyuma. Mimi nilikaa nyuma. Kwa miaka miwili nilinakili daftari la jirani kwa kuwa ubao sikuuona, nikaitwa mzito wa kuelewa. Nilipohamishiwa dawati la dirishani, nikaanza kusoma.

Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, naye alisomea darasa lenye joto, akiwa na wenzake zaidi ya 100. Alipokuwa mwanafunzi wa usanifu majengo Ujerumani, alianzisha chama cha kuchangia shule ya kwao. Ilikamilika mwaka 2001. Kuta ni za tofali za udongo uliochanganywa na saruji, na bati limeinuliwa juu ya dari ili joto lipate pa kutokea. Wanakijiji walijenga kwa mikono yao. Mwaka 2022 alipata Tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Alianza kwa kuchangisha, kama sisi jioni hii.

Kwa madarasa yetu mawili ya awali, kamati inaomba mambo matatu. Madirisha mapana yatazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na jioni lisiwapige watoto machoni; tena yaanzie chini, mtoto wa miaka mitano aone nje akiwa amekaa. Dari iwe nyeupe, irudishe mwanga hadi nyuma. Na kila mlango uwe na rangi yake, ili asiyejua kusoma aseme, "Darasa langu ni la mlango wa njano."

Wapo wanaosema tupunguze madirisha tuokoe fedha. Nawaelewa, nondo za grili ni ghali. Lakini umeme wa kwetu mnaujua, na dirisha halidai luku. Tena, nyumba ikikosewa hubomolewa ikajengwa upya, utoto haurudiwi.

Fomu ya ahadi imo ndani ya kitabu hiki. Anayeweza dirisha zima, aandike dirisha. Anayeweza kopo la rangi, aandike kopo. Yule mtoto wa nyuma anasubiri.