Mashine ya Kukatia Majani Inapokataa Kuwaka

Leo nataka kuwaelezeni habari za mashine ya kukatia majani, ile ambayo wengi wenu mmeisikia ikinguruma katika nyua za Raskazone au katika viwanja vya shule. Aliyeibuni ni Edwin Budding, fundi wa Kiingereza, mwaka 1830, naye alipata wazo lake katika mashine ya kiwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya ya nguo. Ile yake ilisukumwa kwa mikono tu. Zetu nyingi zatumia petroli, na hapo ndipo taabu huanza.

Mwaijua desturi ya pwani yetu. Kaskazi ikivuma, toka Desemba mpaka Machi, jua huwa kali, majani hayaoti sana, na mashine huwekwa ghalani ikasahauliwa. Masika yakiingia, majani hupanda kwa haraka, na kijana anayelipwa kwa kila ua aukatao huitoa mashine yake kwa furaha. Huvuta kamba mara kumi, mara ishirini, wala haiwaki. Kazi yake yachukuliwa na mwingine, naye huona hana budi kumpa fundi fedha ambazo bado hajazipata. Na pengine ubovu wenyewe ni wa kuondolewa kwa spana moja na kitambaa.

Mtambo huu wataka vitu vitatu: petroli iliyochanganyika na hewa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche ya umeme kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, hautawaka hata uvute kamba mpaka ikatike.

Anza na yaliyo mepesi. Je, tangi lina petroli, na koki yake imefunguliwa? Mashine nyingi zina mkono wa usalama juu ya mpini, ambao usipobanwa cheche huzimwa, je, umeubana? Tazama chujio la hewa lisiwe limejaa vumbi, na bomba la moshi lisiwe limezibwa na nyumba ya udongo ya nyigu. Jambo la nyigu msilicheke, maana wadudu hawa hupenda kila tundu lililotulia.

Kama yote hayo ni sawa, ifungue plagi, maana hiyo ndiyo shahidi wetu. Lakini kwanza ing'oe kofia ya waya wake. Mtu asiguse kisu kilicho chini ya mashine wakati plagi imeunganishwa, kwa kuwa kisu kikizungushwa kwa mkono mtambo waweza kushtuka ukawaka, na vidole vikaenda.

Ukiikuta plagi kavu baada ya kuvuta kamba mara nyingi, jua kwamba mafuta hayafiki. Ukiikuta imelowa, mafuta yafika, na yamkini yamezidi, au cheche haipo. Ikilowa, ipanguse, iache silinda ipate hewa kwa robo saa, uirudishe na kuvuta pasipo kufunga choki.

Basi tuseme plagi ni kavu. Hapa pwani, baada ya kaskazi, sababu ya kwanza ninayoishuku ni petroli iliyolala. Petroli si kama maji ya mtungini. Sehemu yake nyepesi, ile iliyo rahisi kushika moto, huruka hewani kidogo kidogo, na ile inayobaki hugeuka utomvu wa kunata. Watengenezaji wengi hushauri isikae zaidi ya siku 30 hivi. Utomvu huo huziba tundu dogo la kabureta, lililo jembamba kama la sindano. Tena hewa yetu ya bahari ina unyevu, na maji yakiingia katika tangi hukaa chini ya petroli, mahali pale pale inaponyonywa. Mwaga mafuta ya zamani katika chombo, fungua kikombe kilicho chini ya kabureta, ukisafishe, na upitishe uzi mwembamba wa shaba katika lile tundu. Usitumie waya wa chuma kigumu. Utalipanua tundu, na kabureta haitakuwa na kipimo tena. Kisha tia petroli mpya. Kama mashine yako ni ya namna inayochanganya oili na petroli, fuata kipimo cha kitabu chake.

Ikiwa plagi imelowa na mashine bado imekataa, tafuta cheche. Ondoa chombo cha petroli kikae mbali, pangusa iliyomwagika, wala asiwepo mvuta sigara karibu. Rudisha kofia juu ya plagi, gusisha chuma cha plagi na chuma cha mtambo mbali na tundu la silinda, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa mpira, na mwenzio avute kamba. Cheche ya buluu ni njema. Isipoonekana, jaribu plagi mpya, ambayo bei yake ni ndogo. Ikishindikana, tazama kutu. Mashine hizi nyingi hazina betri; sumaku iliyo katika gurudumu hupita karibu na koili na kuzaa umeme, na chumvi ya bahari hula vyuma hivyo. Msasa laini huwatosha.

Yako pia matata ya mawe. Karibu na ufuko kisu huweza kugonga jiwe la matumbawe au kisiki cha mnazi, na mtambo ukazima papo hapo. Ndani ya gurudumu kuna kipande kidogo cha chuma laini, kilichowekwa makusudi kikatike badala ya mhimili. Kikikatika, cheche hutoka si kwa wakati wake: plagi njema, petroli njema, na mashine haiwaki. Hapo mwiteni fundi, na mwelezeni habari ya jiwe bila kuficha, asije akatafuta siku nzima mahali pasipo na ubovu.

Mkumbuke tu, kaskazi inayofuata, kabla ya kuifungia mashine, kuifunga koki na kuiacha iendelee kunguruma mpaka petroli iliyo ndani ya kabureta iishe na mtambo uzime wenyewe.